Msibani naongea watu wanalia na kucheka, mbele ya jopo la watu 5 sauti inakatika. Hili ni tatizo gani?

#1 Binti Uporoto
Wakuu, habari za jioni. Nimejiuliza wiki nzima nikakosa jibu.

Mimi si mtu wa aibu. Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo kijijini, nikatoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Watu zaidi ya 400, manyunyu, hakuna kipaza sauti, na nilisikika mpaka kwenye masufuria. Kanisani nasoma somo tangu nina miaka 12. Kwenye kikoba mimi ndiye katibu, na akina mama wa kikoba mnawajua.

Jumanne nikasimama mbele ya jopo la idara kuwasilisha matokeo ya utafiti wangu wa uzamili. Siyo utetezi wenyewe, ni kikao cha kujipima. Watu 5, mmoja wao tunanunua maziwa kwa mama mmoja. Mada ni ukungu wa viazi mviringo na muda wa kupanda, Uporoto. Dakika 15. Nilianza na njaa ya Ireland ya mwaka 1845, kwa sababu ni ukungu huo huo. Slaidi ya 3 sauti ikakatika. Mkono ukatetemeka mpaka ile taa nyekundu ya kuonyeshea ikawa inaruka ukutani kama kimulimuli. Nikageukia ukuta, nikasoma slaidi neno kwa neno. Muda ukaisha niko kwenye mapitio ya maandiko. Matokeo yangu, misimu miwili ya kukanyaga matope, sikuyagusa.

Nimepewa wiki 5 nirudi. Tafadhali msiniambie "jiamini". Nataka kujua kwa nini ni mtu yule yule, mdomo ule ule, halafu inakuwa hivi.

#2 Kobe wa Loleza
Jiamini.

#3 Konda wa Kitonga
Hahaha #2 utapigwa. Ila dada, ulianzia Ireland 1845? Dakika 15 zimeisha meli haijatia nanga Dar, Uporoto ungefika saa ngapi?

#4 Mwalimu wa Ipogolo
Kamwene. Mbona jibu liko kwenye swali? Msibani uliongea lugha gani? Mbele ya jopo uliongea lugha gani?

Mtoto wetu anasoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Tangu hapo anajifunza kunyamaza. Nafundisha, nawaona. Ukiuliza swali kwa Kiingereza wanatazama madawati, ukirudia kwa Kiswahili vidole vinajaa hewani. Sasa mtu huyo huyo unamtaka akafikiri, atafsiri, na atetee kwa wakati mmoja. Lazima kitu kimoja kidondoke, na kwako kilidondoka sauti.

Dawa: simulia utafiti wako wote kwa Kiswahili kwanza, kwa mtu asiyejua lolote. Ukinyooka ndipo uhamishe.

#5 Nguzo ya Soweto
#4 nakuheshimu mwalimu, lakini mimi tasnifu yangu ni ya idara ya Kiswahili. Niliandika kwa Kiswahili, nikatetea kwa Kiswahili, mbele ya Waswahili. Nilitetemeka mpaka nikanywa maji ya mwenyekiti wa jopo. Glasi yake, aliyokwisha inywea.

#6 Mwalimu wa Ipogolo
Basi wewe una lako 😂

#7 Mgeni wa Jiji
Mmesahau mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mimi nilipohamia kutoka Dar wiki ya kwanza nilikuwa siwezi kumaliza sentensi bila kuhema. Hewa nyepesi.

#8 Konda wa Kitonga
Mkuu, huyu ni wa Uporoto. Huko ni juu kuliko mjini. Akija chuoni anashuka. Labda hewa ilimzidi.

#9 MC Mwanjelwa
Salaam. Naongea kwa mkate wangu kila Jumamosi, nisikilizwe.

Kwanza, wataalamu wamepima: maneno yana asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti 38, mwili 55. Wewe uliwapa jopo mgongo, umeshapoteza 55 hapo hapo.

Pili, na hili hakuna aliyeligusa: msibani una ngazi ya kupandia. "Kwa niaba ya familia..." "Tunamshukuru Mungu..." "Majirani mliobeba maji, mliochanja kuni..." Maneno yapo tangu bibi zetu, wewe unayajaza majina tu. Na kila aliyekaa pale anakuombea ufike mwisho salama. Kwenye jopo hakuna ngazi, na waliokaa wamekuja kuona kama ukuta utaanguka. Kwa hiyo usiseme ni mtu yule yule. Kazi ni mbili tofauti.

#10 Fundi Takwimu Kabwe
#9, hiyo 7-38-55 naomba iachwe kwenye harusi. Inatoka kwa Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, majaribio ya mwaka 1967, na ilihusu jambo dogo sana: mtu akisema neno moja la hisia huku sauti au uso wake unapingana nalo, msikilizaji anaamini kipi. Haikuhusu hotuba, wala mawasilisho ya viazi. Mehrabian mwenyewe amekuwa akiwakataza watu kuitumia kwa kila mazungumzo.

Ingekuwa kweli, ningekuja Iringa nikaongea Kinyakyusa kitupu mkanielewa asilimia 93.

#11 MC Mwanjelwa
Aisee. Nimeisema hiyo kwenye sendoff zisizopungua 50. Hata hivyo mgongo si mzuri.

#12 Ruaha Mkuu
Kuogopa jukwaa ni kwa wanadamu wote, dada usijione peke yako. Utafiti ulionyesha watu wanaogopa kuhutubia kuliko kufa.

#13 Fundi Takwimu Kabwe
Leo mtanichukia. Huo ni uchunguzi wa maoni wa Marekani, mwaka 1973. Watu walipewa orodha ya hofu, wakaruhusiwa kuchagua nyingi watakavyo. Kuhutubia kulichaguliwa na asilimia 41, kifo 19. Hapo hakuna aliyesema anaogopa jukwaa *kuliko* kaburi. Watafiti wawili walilirudia kwa wanafunzi wa chuo, wakachapisha 2012: kuhutubia bado kulitajwa na wengi zaidi, ila walipotakiwa kuchagua hofu moja kubwa kuliko zote, kifo kikaongoza.

#14 Konda wa Kitonga
Huyu Fundi tukimpandisha basi atahesabu abiria na mizigo yao.

#15 Mzee wa Jopo
Salaam wote. Nimekaa upande wa pili wa hiyo meza kwa zaidi ya miaka 20, sasa nimestaafu, nafuga nyuki Mufindi. Binti, nikupe siri ya upande ule.

Nusu yetu tunakuwa hatujamaliza kusoma kazi yako. Tumesoma muhtasari, tumefungua sura ya 4, tumekagua kama jina la mmoja wetu limo kwenye marejeo. Wewe unatetemeka ukidhani tunajua kila kitu, kumbe sisi tumekaa tunatafuta mahali pa kushika. Asiyetupa mahali pa kushika tunamshika popote, na huko ndiko maswali mabaya yanakotoka.

Sasa tazama dakika zinavyokwenda. Mwanafunzi ana 15. Mbili za itifaki na shukrani. Tatu za usuli, kuanzia dunia, Afrika, Tanzania, mkoa, mpaka wilaya. Tano za nani alisema nini. Mbili za mbinu. Hapo mwenyekiti anagonga meza, "dakika tatu", na kijana anaanza kurusha slaidi za matokeo kama mtu anayegawa karata. Tulichokijia hatukukiona.

Igeuze. Sentensi yako ya kwanza iwe swali lako: "Nilitaka kujua kama mkulima wa Uporoto akibadilisha muda wa kupanda, hasara ya ukungu kwenye mavuno inapungua." Ya pili iwe ulichokuta. Tukishajua hayo mawili, usuli tutakuvumilia.

Na jiandae kwa Yamane! Kila tasnifu iliyopita mikononi mwangu ilikuwa na fomula ya Yamane ya 1967 ya kupata sampuli. Kaya 600, kosa la asilimia 5, unapata 240. Hesabu sahihi. Nikiuliza "kwa nini fomula hii?" kimya. Hawaogopi swali, hawajui walikoitoa. Ukiulizwa usichokipima sema tu, "hilo sikulipima, nililopima ni hili." Katika miaka yote hiyo sikumfelisha mtu kwa sentensi hiyo. Niliowafelisha ni waliobuni majibu wakiwa wamesimama.

#16 Binti Uporoto
Shikamoo mzee. Nimesoma mara 3. Hiyo ya kugawa karata ndiyo mimi.

#17 Mzee wa Jopo
Marahaba binti.

#18 Mjukuu wa Chifu
Mzee shikamoo, ila unajisafisha. Tatizo ni majopo yenyewe. Tumelelewa kwamba mkubwa akisema unainamisha macho, halafu siku moja unaambiwa "tetea". Kutetea maana yake umbishie mtu wa rika la baba yako. Mwili unakataa, siyo akili. Msibani dada alikuwa anawashukuru wakubwa, na hilo tumefundishwa. Kuwabishia nani alitufundisha?

#19 Mama Ndaga
#18 mwanangu, kwetu Tukuyu kijana akiwa na neno la maana barazani anasikilizwa. Msisingizie mila. Majopo mengine yana watu wakali tu, hawajala.

#20 Bonde la Usangu
Mbona mnazunguka? Kuna vidonge vya propranolol. Kimoja saa moja kabla, mikono inatulia kama umeishika nguzo. Wapiga fidla wa Ulaya wanatumia.

#21 Nesi Mafinga
Na mwenye pumu je? Dawa hiyo inaweza kumbana kifua akaishia wodini. Pia inashusha mapigo ya moyo na presha. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari baada ya kupimwa, haigawiwi kwenye uzi.

Dada, kilichokupata mwili ulidhani unakimbizwa: mapigo juu, mate yanakauka, damu inakwenda kwenye miguu, pumzi inapanda kifuani. Sauti ikikosa pumzi ya kuibeba inakatika. Kabla ya kuingia toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyoivuta, mara 5 au 6. Maji ya uvuguvugu. Na uache hiyo taa ya kuonyeshea nyumbani, inatangaza mkono wako kwa ukumbi mzima. Tumia kidole.

#22 Kobe wa Loleza
Kuna Mgiriki wa kale, Demosthenes, inasimuliwa alikuwa anafanya mazoezi na kokoto mdomoni mpaka ulimi ukanyooka.

#23 Konda wa Kitonga
Chagua za Ruaha, zimeoshwa vizuri. Usimeze, jopo litauliza sampuli iko wapi.

#24 Mchambuzi Huru
Niseme ambalo wengi mnalizunguka. Watu wanatetemeka kwa sababu kazi si zao. Dodoso kasimamiwa na mdogo wake, SPSS, ile programu ya takwimu, kafanyiwa na jamaa wa stationery, sura ya 4 imeandikwa usiku wa deni. Utateteaje mtoto usiyemzaa? Sisemi dada ni hivyo. Nasema tu.

#25 Fundi Takwimu Kabwe
Jamaa wa stationery ni mimi 😂 Ndiyo, hapa Kabwe. Wanakuja na faili, "kaka nitolee majedwali". Nawaambia kaa hapa nikuonyeshe, wanasema wana gari la kuwahi. Wachache wanaokaa nusu saa, nikikutana nao baadaye wananiambia hawakuogopa. Lakini #24 usifanye ndiyo sababu pekee. Nina mteja aliyechambua kila kitu mwenyewe, kwa programu ya R, mpaka nikamwonea wivu. Akasimama mbele ya jopo akasahau jina la msimamizi wake.

#26 Binti Uporoto
#24 umenichoma, ila nitasema ukweli. Data ni zangu, shamba ni langu, matope ni yangu. Lakini jedwali la ukurasa wa 61, lile la kulinganisha wastani wa makundi, lilifanywa na mtu. Sasa nikikumbuka, sauti ilikatika nilipoona zimebaki slaidi chache kulifikia. Sijui kama ndiyo sababu. Inawezekana.

#27 Fundi Takwimu Kabwe
Njoo Kabwe Alhamisi, uje na faili. Bure, ila hutaondoka kabla hujanieleza wewe mimi.

Na kabla sijasahau: mbele ya jopo usiite huo ukungu fangasi. *Phytophthora*, ndilo jina lake la kitaalamu, zamani iliwekwa kwenye fangasi, siku hizi ina kundi lake. Mwanabiolojia mmoja kwenye jopo anatosha kukulia dakika 5 kwa hilo.

#28 Mkulima wa Kikondo
Mimi sijafika chuo ila nawasikia watafiti kila Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale. Wanaongea vizuri kabisa! Unajua kwa nini? Ana kiazi mkononi. Anakipasua, anakuonyesha doa la kahawia, unanusa. Mtafiti huyo huyo mpeleke ukumbini kwenye projekta anakuwa bubu. Dada peleka jani lenye ukungu.

Jingine: mkisema tani kwa hekta sisi tunasinzia. Sema magunia kwa eka. Tani 10 kwa hekta si magunia 100 kwa eka?

#29 Fundi Takwimu Kabwe
Samahani mama. Magunia 100 ya kilo 100 ni kwa hekta. Hekta ina eka karibu 2 na nusu, kwa hiyo ni kama magunia 40 kwa eka.

#30 Mkulima wa Kikondo
40 ya kilo 100 au ya lumbesa, yale ya kujazwa mpaka juu ya mdomo?

#31 Fundi Takwimu Kabwe
...mama umenishinda. Kisheria gunia halizidi kilo 100. Sokoni unajua mwenyewe.

#32 Ruaha Mkuu
Chuo cha Queensland, Australia, walianzisha mwaka 2008 shindano la kueleza tasnifu kwa dakika 3 na slaidi moja isiyocheza. Hesabu yao ni kwamba tasnifu ya maneno 80,000 ukiisoma yote kwa sauti ni saa 9. Jaribu toleo lako la dakika 3. Likishasimama, hizo 15 utaziona nyingi.

Halafu beba nakala ya PDF na uchapishe karatasi 6. Mimi umeme ulikatika slaidi ya 2. Kwa kuwa sikuwa na cha kusoma ukutani, niliongea kama mtu, nikasifiwa. Ulivyorudi nikaharibu.

#33 Mwalimu wa Ipogolo
Hiyo ya #32 ni ushahidi kwamba adui ni slaidi. Naondoa nusu ya hoja yangu ya lugha. Nusu tu.

#34 Binti Uporoto
MREJESHO. Wiki 5 zimeisha, nilirudi leo saa 4 asubuhi.

Alhamisi ile nilikaa kwa Fundi saa 3 na nusu. Ukurasa wa 61 kumbe ulikuwa na kosa, kundi moja la mashamba lilihesabiwa mara mbili. Nimelirekebisha mwenyewe.

Kisha nikafuata ushauri wa #4, nikaueleza utafiti wote kwa Kiswahili kwenye kikoba, baada ya kuhesabu hisa. Dakika 12, nikidhani nimeua. Mama mmoja akauliza: "Kwa hiyo, dawa ninunue au nisinunue?" Wakuu, sikuwa na jibu! Misimu miwili, kurasa 90, na sikuwahi kujiuliza. Nikarudi nyumbani nikaanza upya kutoka kwenye swali lile. Slaidi 22 zikawa 9. Ireland nikaiondoa.

Leo nimeingia na matawi mawili ya viazi, zima na gonjwa, kwenye mfuko. Nikaanza nayo. Miguu ilitetemeka mwanzo mpaka mwisho, naomba hili lieleweke, ila sauti haikukatika. Yamane niliulizwa! Nikaeleza. Lumbesa pia niliulizwa, na mtu wa maziwa. Swali moja nilisema "hilo sikulipima", mwulizaji akaandika kitu, akatikisa kichwa kukubali. Nikamaliza dakika ya 13. Nina marekebisho madogo, naendelea kwenye utetezi. Ndaga fijo.

#35 MC Mwanjelwa
Hongera dada! Jani ndiyo ngazi niliyosema.

#36 Mchambuzi Huru
Hapana, ni ukurasa wa 61. Alipoumiliki akasimama.

#37 Mwalimu wa Ipogolo
Na alianza kwa lugha gani? Kiswahili. Kwenye kikoba.

#38 Nesi Mafinga
Taa ya kuonyeshea uliiacha nyumbani?

#39 Binti Uporoto
Niliiacha. Na pumzi nilizihesabu nje ya mlango, mlinzi akaniuliza kama naumwa.

#40 Mjukuu wa Chifu
Mimi bado nasema mara ya pili wakubwa walikuwa wameshamzoea. Jaribuni kumpeleka jopo jipya.

#41 Kobe wa Loleza
Alijiamini. Rejeeni #2.

#42 Mkulima wa Kikondo
Hongera mwanangu. Sasa na mimi niulize kama yule mama wa kikoba: dawa tununue au tusinunue? Mvua za Novemba zinakaribia na hakuna aliyejibu humu.

#43 Binti Uporoto
Mama, inategemea unapanda lini na shamba lako liko upande gani wa mlima. Jumamosi nakuja sokoni na karatasi mbili za Kiswahili, tukae tuongee.

#44 Konda wa Kitonga
Uje na mzani pia. Kuna gunia huku limevaa kofia mpaka linataka nauli yake.